Kazi na Nasaba: Vipimo vya Vimeng'enya katika Utambuzi na Uainishaji wa Bakteria

Chini ya hadubini bakteria wengi hufanana mno. Baada ya kupakwa rangi kwa njia aliyoibuni Hans Christian Gram mwaka 1884, huonekana wa zambarau au wekundu, wa mviringo au wa umbo la fimbo, na aghalabu habari ambazo jicho laweza kuzipata huishia hapo. Fimbo nyekundu iliyotoka katika choo cha mgonjwa yaweza kuwa Escherichia coli asiye na dhara, Salmonella wa homa ya matumbo au Shigella wa kuhara damu, na umbo lake halisemi ni yupi kati ya hao. Ndiyo maana wataalamu wa maabara walizidi kuuchunguza utendaji wa bakteria badala ya sura yake, yaani kemikali zipi anaweza kuzivunja, kuziunga au kuzigeuza. Utendaji huo hufanywa na vimeng'enya, ambavyo ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali bila zenyewe kwisha, kila kimoja kikichagua kitu maalumu cha kukifanyia kazi. Kitu hicho wanakemia hukiita sabstrati. Na kwa kuwa kimeng'enya hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni, kama George Beadle na Edward Tatum walivyoonyesha mwaka 1941 kwa kutumia ukungu wa Neurospora, anayekiona kimeng'enya kikifanya kazi amepata dalili ya jeni hata kama jeni yenyewe hajaigusa.

Dalili hiyo hutumiwa kwa shughuli mbili ambazo vitabu vya kufundishia huzitaja pamoja kana kwamba ni moja. Ya kwanza ni utambuzi, ambapo koloni, yaani rundo la bakteria walioota kutokana na mzazi mmoja, hupewa jina ambalo tayari lipo. Ya pili ni uainishaji, ambapo wataalamu huamua majina yenyewe yawe yapi, nani awekwe jenasi moja na nani, na kwa misingi gani ya ujamaa. Wafinyanzi wawili wa miji miwili hutambulika upesi kwa kazi ya mikono yao, lakini ufinyanzi hauthibitishi kwamba watu hao ni ndugu. Vivyo hivyo kimeng'enya humtambulisha bakteria vizuri kwa sababu kina kazi maishani mwake, na ni kwa sababu hiyo hiyo kinaweza kupotosha katika suala la nasaba, maana chenye faida hubaki, kisicho na faida hupotea, na kingine huhama kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine pamoja na kipande cha DNA kinachokibeba. Sehemu kubwa ya mabishano juu ya vipimo hivi hutokana na kutozitenganisha shughuli hizo mbili.

Jaribio lililo rahisi kuliko yote ni la katalasi. Bakteria wanaotumia oksijeni hujikuta wakizalisha haidrojeni peroksidi, kemikali inayoweza kuiharibu seli yenyewe, na wengi wao hujikinga kwa kuivunja iwe maji na gesi ya oksijeni. Mtaalamu huchukua sehemu ndogo ya koloni, akaidondoshea haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, na mapovu yakitokea papo hapo anajua kwamba katalasi ipo. Kwa tone hilo moja Staphylococcus, mwenye katalasi, hutengwa na Streptococcus asiye nayo, ingawa wote wawili huonekana kama vijiduara vya zambarau. Hata hivyo wepesi wa jaribio umeficha mitego yake. Chembe nyekundu za damu nazo zina katalasi, kwa hiyo anayekwangua koloni pamoja na agari ya damu, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, iliyo chini yake huona mapovu ambayo hayakutoka kwa bakteria. Waya wenye chuma nao huivunja peroksidi bila msaada wa kiumbe chochote, na ndiyo sababu kijiti cha mbao au kitanzi cha plastiki hupendekezwa. Aidha peroksidi iliyokaa muda mrefu kwenye chupa iliyo wazi hupungua nguvu, na maabara isiyoijaribu kila mara kwa bakteria anayejulikana yaweza kuandika jibu hasi kwa muda mrefu bila kujua.

Oksidasi hutazama mahali pengine kabisa, yaani mwisho wa mnyororo wa upumuaji, ambako elektroni hukabidhiwa oksijeni kupitia protini zenye chuma ziitwazo saitokromu. Mwaka 1928 Gordon na McLeod walionyesha kwamba koloni za vijidudu vya kisonono hubadilika rangi zikimwagiwa kemikali inayopokwa elektroni na mnyororo huo, na mwaka 1956 Kovács akaeleza namna ya kulifanya jaribio kwenye karatasi, akilenga kumtambua Pseudomonas. Karatasi iliyoloweshwa hupakwa koloni, na rangi ya zambarau ikitokea ndani ya sekunde 10 jibu ni chanya. Baada ya hapo rangi haina maana tena, kwa kuwa hewa yenyewe huigeuza kemikali hiyo polepole. Thamani ya jaribio hili huonekana vyema katika maabara za pwani ya Afrika Mashariki na za kandokando ya maziwa makuu, ambako kipindupindu kimekuwa kikirudi: Vibrio cholerae ana oksidasi, ilhali bakteria wa kawaida wa utumbo wa jamii ya E. coli hawana. Lakini koloni za Vibrio huoteshwa kwanza kwenye TCBS, agari yenye sukari na chumvi za nyongo inayowazuia bakteria wengine, na asidi inayotokana na kuchachuka kwa sukari hiyo huharibu mwitiko wa oksidasi. Anayetaka jibu la kuaminika hulazimika kuzihamishia koloni kwenye agari ya kawaida na kungoja zioteshwe upya, jambo ambalo katikati ya mlipuko huwa gumu kulivumilia.

Koagulasi, kipimo kinachomtenga Staphylococcus aureus na ndugu zake wengi wasio hatari sana, ina tatizo la namna nyingine. Bakteria huyu, anayesababisha majipu na maambukizi ya vidonda vya upasuaji, hugandisha plazima, ambayo ni ile sehemu ya majimaji ya damu. Na ingawa koagulasi imezoeleka kuhesabiwa miongoni mwa vimeng'enya, kikemia haikati wala haiungi kitu. Hujishikiza kwenye prothrombini, protini ya damu ya mgonjwa mwenyewe, ikaibadilisha umbo na kuiamsha, na ni prothrombini hiyo ndiyo inayoigeuza fibrinojeni iwe nyuzi zinazogandisha plazima. Jaribio la haraka la kwenye kioo hata halipimi koagulasi, bali protini nyingine iliyo juu ya ukuta wa bakteria inayoshika fibrinojeni. Jaribio la kwenye mrija, linalotumia plazima ya sungura katika joto la nyuzi 37, husomwa baada ya saa 4 na tena baada ya saa 24, kwa kuwa baadhi ya bakteria hao hutoa pia stafilokinasi, ambayo huyeyusha bonge lililokwisha kuganda, na mtu akisoma asubuhi ya pili tu atakuta majimaji na kuandika kwamba hapakuwa na kitu. Katika maabara nyingi za Afrika Mashariki plazima ya sungura haipatikani kwa urahisi na hutumiwa ya binadamu au ya kondoo badala yake. Utafiti uliofanyika Kampala na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba plazima hizo mbadala huliacha jaribio likiwa dhaifu, na kwamba kuliunganisha na jaribio la DNase, kimeng'enya kinachovunja DNA, pamoja na agari ya chumvi na manitoli huboresha utambuzi. Ni matokeo yanayostahili kuzingatiwa kuliko yanavyozingatiwa, maana yanaonyesha kwamba kipimo si kemia peke yake. Ni kemia pamoja na kile kilichomo kwenye jokofu la maabara husika.

Ureasi haihitaji maelezo marefu. Huvunja urea, kemikali ya mkojo, na kutoa amonia inayofanya majimaji yawe ya besi, hivyo rangi ya fenoli nyekundu iliyochanganywa kwenye agari hugeuka kutoka njano na kuwa ya waridi iliyokolea. Agari hiyo ni ya Christensen, ya mwaka 1946. Mwaka huo huo James Sumner alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi aliyoianza mwaka 1926 alipoipata ureasi ya kunde ya Canavalia ensiformis ikiwa katika hali ya fuwele, na hivyo kuonyesha kwamba kimeng'enya ni protini. Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo aliyeoteshwa na Barry Marshall na Robin Warren huko Perth mwaka 1982, ana ureasi nyingi kiasi kwamba kipande cha utando wa tumbo hutumbukizwa moja kwa moja kwenye urea na rangi hubadilika bila haja ya kumwotesha. Hapo kimeng'enya hakitambulishi tu, bali hueleza pia maisha ya mwenye nacho, kwa sababu amonia hiyo ndiyo inayomkinga dhidi ya asidi ya tumbo.

Suala la laktosi, sukari ya maziwa, ni pana zaidi, kwa kuwa ndilo lililofundisha tofauti kati ya kuwa na kimeng'enya na kuonyesha tendo lake. Ili bakteria aichachue laktosi anahitaji protini mbili: moja ya kuipitisha sukari kwenye utando wa seli, na nyingine, beta-galaktosidasi, ya kuikata ikishaingia. Shigella sonnei anayo beta-galaktosidasi lakini huchelewa kuichachua laktosi, mara nyingine kwa siku kadhaa, kwa hiyo anayetazama agari tu humhesabu kuwa hana kitu. ONPG, kemikali inayofanana na laktosi lakini inayoingia kwenye seli bila kusubiri mpitishaji, hukatwa na kimeng'enya hicho na kutoa rangi ya njano ndani ya saa chache, na siri hufichuka. Tena Francois Jacob na Jacques Monod, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1961, walieleza kwamba E. coli hatengenezi kimeng'enya hiki kwa wingi mpaka laktosi iwepo na sukari iliyo bora, yaani glukosi, iwe imekwisha. Jibu hasi, basi, laweza kumaanisha kwamba jeni haipo, au ipo lakini imezimwa, au imewashwa lakini sabstrati haikuingia. Kemia ya mrija haitofautishi hali hizo tatu, na ni vigumu kukubali mazoea ya kuziandika zote kwa alama moja ya kutoa.

Kutokana na hapo vilitengenezwa vipimo vya maji vinavyotafuta vimeng'enya viwili kwa mara moja katika mililita 100: beta-galaktosidasi, inayoashiria bakteria wa kundi la kolifomu kwa jumla, na beta-glukuronidasi, inayopatikana kwa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za E. coli na kwa nadra kwa jamaa zao. Rangi ya njano huashiria cha kwanza, na mng'ao wa buluu chini ya mwanga wa urujuanimno huashiria cha pili, dalili kwamba maji yameguswa na kinyesi. Kwa shughuli hiyo kipimo ni kizuri, kwani kinachotafutwa ni kinyesi na si bakteria fulani. Lakini E. coli wa aina ya O157:H7, aliyetambuliwa kwa mara ya kwanza kuwa chanzo cha mlipuko wa kuhara damu nchini Marekani mwaka 1982, haonyeshi glukuronidasi, kwa hiyo yule aliye hatari kuliko wenzake ndiye anayepita bila kung'aa. Upungufu huo umegeuka kuwa alama ya kumtambua pale maabara inapomtafuta yeye hasa.

Kwa kuwa hakuna kimeng'enya kimoja kinachotosha, vipimo vilianza kukusanywa. Peter Sneath, mwaka 1957, alipendekeza kwamba bakteria walinganishwe kwa sifa nyingi zilizopewa uzito sawa na kuhesabiwa kwa kompyuta, ili kupunguza upendeleo wa mtaalamu anayeipenda sifa moja kuliko nyingine. Katika benchi la maabara wazo hilo lilijitokeza katika umbo la vipande vya plastiki vyenye vishimo, maarufu zaidi kikiwa API 20E cha Ufaransa cha mwaka 1970, chenye vishimo 20 vyenye sabstrati kavu. Pamoja na jaribio la oksidasi, majibu huwa 21, nayo hugawanywa katika makundi ya matatu matatu, jibu chanya la kwanza likihesabiwa 1, la pili 2 na la tatu 4, kisha hujumlishwa. Bakteria mwenye beta-galaktosidasi na dekaboksilasi ya laisini lakini asiye na dihaidrolasi ya ajinini huanza na tarakimu 5. Namba ya tarakimu 7 inayopatikana hulinganishwa na orodha ya namba zinazojulikana, na orodha hurudisha jina pamoja na kiwango cha uhakika. Usahihi wake unaonekana kuwa wa hisabati, lakini hisabati hiyo haiwezi kuijua spishi isiyokuwamo kwenye orodha. Humpa mgeni jina la mwenyeji anayemkaribia.

Tofauti kati ya kutambua na kuainisha hujidhihirisha zaidi katika kisa cha Shigella. Kiyoshi Shiga alimtenga bakteria wa kuhara damu nchini Japani mwaka 1897, na kadiri vipimo vilivyoongezeka jenasi iliyopewa jina lake ilisimama juu ya orodha ya makosekano: haina mkia wa kuogelea, haitoi gesi, kwa kawaida haiichachui laktosi, na haina kamwe dekaboksilasi ya laisini, kimeng'enya kinachoondoa kaboni dioksidi kwenye asidi amino hiyo na kuacha kemikali yenye harufu mbaya iitwayo kadaverini. Katika sampuli ya choo orodha hii ni msaada mkubwa, kwa kuwa Salmonella walio wengi wanacho kimeng'enya hicho, na wengi wa E. coli pia. Kwa miongo mingi ilionekana wazi kwamba bakteria wanaoshiriki makosekano mengi kiasi hicho ni familia moja.

Ulinganisho wa DNA uliofanywa na Don Brenner na wenzake katika miaka ya 1970 ulivuruga picha hiyo, kwa kuwa Shigella na E. coli walionekana kuwa karibu kiasi cha kustahili kuwa spishi moja. Mwaka 2000 watafiti wa Australia, Pupo, Lan na Reeves, walisoma mfuatano wa jeni kadhaa na kukuta kwamba Shigella hawana hata babu mmoja wa pekee: matawi mbalimbali ya E. coli yaligeuka kuwa Shigella kwa nyakati tofauti, kila moja likiipata plazmidi, yaani pete ya ziada ya DNA, inayowezesha kuvamia seli za utumbo. Kwa nini basi matawi yasiyotokana na njia moja yakafanana hivyo katika vipimo? Anthony Maurelli na wenzake walikuwa wametoa sehemu ya jibu mwaka 1998, walipoirudisha jeni ya dekaboksilasi ndani ya Shigella na kuona kwamba kadaverini iliyotokea inazuia sumu ya bakteria isifanye kazi yake kwenye utumbo. Kimeng'enya kilichokuwa cha manufaa kwa mkaaji mpole wa utumbo kikawa kikwazo kwa mvamizi, na kila tawi lilipoanza uvamizi lilikitupa. Kufanana kwa vipimo kulikuwa alama ya maisha ya namna moja, na si ya ukoo mmoja.

Jina Shigella limebaki, na ni haki libaki, kwa kuwa daktari anayesubiri jibu la mtoto anayehara damu hahitaji mti wa nasaba. Lakini matokeo yake ni kwamba majina ya kitabibu na majina ya kinasaba hayaendi pamoja, na mwanafunzi anayefundishwa kwamba vipimo hivyo vinathibitisha jenasi hufundishwa jambo lisilo kweli. Hata upande wa utambuzi haukusalimika, kwa sababu wapo E. coli wavamizi, waliopitia njia hiyo hiyo kwa sehemu, ambao nao wameipoteza dekaboksilasi na husimama katikati ya majina mawili.

Kifua kikuu huleta kisa kinachofanana na hicho, lakini chenye madhara ya moja kwa moja kwa tiba. Mycobacterium tuberculosis wa binadamu na Mycobacterium bovis wa ng'ombe, ambaye huwafikia watu hasa kupitia maziwa yasiyochemshwa na kwa hiyo ni suala la kweli katika jamii za wafugaji, ni karibu sawa kabisa katika DNA yao. Vipimo viwili vimezoeleka kuwatenga: wa binadamu huigeuza naitreti iwe naitraiti na ana pirazinamidasi, wa ng'ombe hafanyi hayo. Pirazinamidasi ndicho kimeng'enya kinachoiamsha dawa ya pirazinamidi ndani ya bakteria, hivyo badiliko la herufi moja katika jeni ya M. bovis limemfanya awe sugu kwa dawa hiyo tangu kuumbwa kwake, na jaribio moja hutoa jina na onyo la tiba kwa pamoja. Ugumu huja pale M. tuberculosis wa kawaida anapopata usugu wa pirazinamidi, kwani mara nyingi huupata kwa kuipoteza pirazinamidasi hiyo hiyo, na mtaalamu anayetegemea kipimo hicho peke yake atamwita wa ng'ombe bakteria ambaye mgonjwa aliambukizwa na jirani yake.

Katalasi nayo hurudi hapa kwa sura nyingine. Mara tu baada ya isoniazidi kuanza kutumika mwaka 1952, Gardner Middlebrook aliona kwamba bakteria wengi waliokuwa sugu kwake hawatoi tena mapovu, na mwaka 1992 Zhang na wenzake wakaonyesha sababu: isoniazidi huamshwa na katalasi-peroksidasi ya jeni katG, na bakteria aliyeipoteza hubaki salama. Ilidhaniwa kwamba mapovu yangetosha kubashiri usugu. Lakini badiliko la katG lililoenea zaidi duniani, la asidi amino ya 315, huizuia dawa isiamshwe huku likiacha sehemu kubwa ya kazi ya katalasi, kwa hiyo bakteria sugu hutoa mapovu kama kawaida. Mtu akiyafikiri maumbile hayo ataona kwamba bakteria hana sababu ya kuitupa silaha yake yote iwapo kubadili kipande kimoja kunatosha.

Je, kimeng'enya hakiwezi kabisa kusema lolote la kuaminika kuhusu nasaba? Kinaweza, kikiulizwa swali jingine. Badala ya kuuliza kama kimeng'enya kipo au hakipo, watafiti walianza kuuliza kimejengwaje, kwa kutumia elektroforesi, mbinu ya kuzisukuma protini kwa umeme ndani ya jeli ya wanga, kila moja ikienda kwa kasi inayotegemea chaji yake. Kimeng'enya chenye asidi amino moja tofauti mara nyingi huenda kasi tofauti ingawa kinafanya kazi ile ile, na mahali kilipofikia huonekana kwa kuipa jeli sabstrati yake pamoja na rangi. Vikichaguliwa vimeng'enya vya shughuli za msingi ambavyo hakuna bakteria anayeweza kuishi bila hivyo, tofauti ndogo ndogo za mwendo wake hujikusanya bila kuegemea sana faida au hasara, na hapo ndipo zinapofaa kuwa kumbukumbu ya ukoo. Robert Selander na wenzake waliitumia mbinu hii katika miaka ya 1980 kuonyesha kwamba E. coli wamegawanyika katika koo zinazorithishana kwa muda mrefu, na mwaka 1993 Thomas Whittam akaitumia kuonyesha kwamba O157:H7 aliyetajwa hapo juu ana ujamaa wa karibu na O55:H7, aina ya E. coli inayoharisha watoto wachanga, ambayo bado inayo glukuronidasi. Ukoo ukishajulikana hivyo, kukosekana kwa glukuronidasi kulipata nafasi yake sahihi: ni hatua moja ya karibuni katika safari ya mabadiliko, na si mpaka wa kale.

Afrika Mashariki inayo sehemu yake katika historia ya mbinu hiyo. Mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo ililipuka miongoni mwa mahujaji waliokwenda Makka, na vimeng'enya vya vijidudu vyao, Neisseria meningitidis wa kundi A, viliposukumwa kwenye jeli vilionyesha ukoo mmoja uliopewa alama III-1. Mwaka 1989 Nairobi, jiji lililo nje ya ukanda wa Sahel ambako ugonjwa huo huzuka mara kwa mara, ilipatwa na mlipuko mkubwa, na vijidudu vyake vilikuwa vya ukoo huo huo. Vipimo vya kawaida vya sukari na oksidasi visingeweza kusema zaidi ya kwamba ni Neisseria meningitidis. Mwendo wa vimeng'enya ulisema pia ametokea upande gani. Mwaka 1998 Martin Maiden na wenzake waliihamishia hoja hiyo kwenye DNA, wakisoma vipande vya jeni za vimeng'enya vya msingi badala ya kuvitazama vimeng'enya vyenyewe, na jeli za wanga zikaachwa.

Uainishaji umekwisha kuondoka mikononi mwa vimeng'enya. Carl Woese na George Fox walianza safari hiyo mwaka 1977 kwa kulinganisha RNA ya ribosomu, na leo hii jenomu nzima husomwa. Hata utambuzi wa kila siku katika hospitali kubwa umechukuliwa na mashine ya MALDI-TOF, inayozipima protini za bakteria kwa uzito wake na kutoa jina ndani ya dakika chache. Ajabu ni kwamba mashine hiyo hiyo hupata taabu kumtenga Shigella na E. coli, kwa kuwa protini zao nyingi ni zile zile, na katika njia panda hiyo maabara hurudi kwenye mrija wa laisini. Mahali pasipo na mashine, yaani katika hospitali nyingi za wilaya, mrija huo haujawahi kuondoka.

Mahali ambapo kipimo cha kimeng'enya kimepata nguvu mpya ni pale swali lenyewe lilipobadilika. Tangu Edward Abraham na Ernst Chain walipoeleza mwaka 1940 juu ya kimeng'enya cha bakteria kinachoharibu penisilini, ilijulikana kwamba usugu waweza kupimwa kama tendo, na vimeng'enya hivyo, vinavyoitwa kwa jumla beta-laktamasi, huhama na plazmidi kutoka spishi moja hadi nyingine bila kujali nasaba. Zilizo hatari zaidi sasa ni kabapenemasi, ambazo huvunja kabapenemu, dawa zinazowekwa akiba kwa maambukizi yaliyoshindikana. Mwaka 2012 Patrice Nordmann na wenzake walitangaza kipimo kiitwacho Carba NP, ambacho humchanganya bakteria na kabapenemu pamoja na fenoli nyekundu ile ile ya Christensen. Dawa ikivunjwa asidi hutokea na rangi nyekundu hugeuka njano, kwa kawaida ndani ya saa 2. Kina udhaifu wake, kwani kabapenemasi za aina ya OXA-48, zenye kasi ndogo, huweza kukipita, na wapo wanaosema kwamba kutafuta jeni kwa PCR, mbinu ya kunakili DNA, ni bora zaidi. Hoja yao ina nguvu kwa jeni zinazojulikana. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba Klebsiella pneumoniae waliochukuliwa kwa wagonjwa wa hospitali moja ya Nairobi kati ya mwaka 2007 na 2009 walikuwa na kabapenemasi iitwayo NDM-1, ambayo jeni yake ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, kutokana na bakteria wa mgonjwa aliyekuwa amelazwa New Delhi kabla ya kurudi Sweden. Mwaka 2007 hakuna PCR ambayo ingeweza kuitafuta jeni hiyo, kwa kuwa hakuna aliyejua mfuatano wake, ilhali kimeng'enya kilikuwa tayari kinaivunja dawa, na tendo hilo lilikuwa linapimika.